Saa Iliyosema Nimepumzika

Mimi ni mkalimani. Nakaa ndani ya kibanda cha vioo, vipokea sauti masikioni, mzungumzaji anasema kule mbele nami nasema papo hapo kwa lugha nyingine, nikiwa nyuma yake kwa nusu sentensi. Tunafanya wawili wawili, tukipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, maana ubongo ukizidishiwa hapo huanza kuangusha maneno na mwenyewe hajui. Nimefanya kazi hii miaka 14. Mwaka juzi presha yangu ilianza kupanda, si ya kulazwa, ila ya kutosha kumfanya daktari avue miwani na kuniambia, "Punguza msongo wa mawazo." Nikamjibu, daktari, nitapunguzaje kitu ambacho sijui kimejificha wapi? Alicheka tu.

Mdogo wangu hakucheka. Wiki iliyofuata aliniletea saa janja kwenye kiboksi. "Hii itakuonyesha kilipo, dada," akasema, akanivalisha mwenyewe kama anayemfunga mtoto vifungo.

Siku za mwanzo nilikuwa kituko. Kila nikipanda ngazi natazama mkono, kila nikinyanyua simu natazama mkono. Kuna namba moja hasa iliyonikamata, ya msongo, inayokwenda 0 hadi 100: chini ya 26 umepumzika, juu ya 75 uko motoni. Skrini huchora vijiti vya buluu ukiwa umetulia na vya rangi ya machungwa ukiwa umebanwa. Baada ya wiki mbili picha ilikuwa wazi, au mimi niliiona hivyo. Siku za kazi wastani wangu ulikuwa mzuri. Jioni nikifika nyumbani, machungwa matupu.

Basi kumbe kibanda hakina kosa, nikajiambia, kosa liko nyumbani. Nikaanza kuwaangalia watu wangu kwa jicho la upelelezi. Mume wangu akiniuliza swali la kawaida, nachungulia mkono. Siku moja akaniuliza kama kuna treni ninayoisubiri.

Aliyenizindua ni mwenzangu wa kibandani. Ni mtu mzima kuliko mimi, amekula chumvi nyingi katika kazi hii, na huwa hasemi mpaka kipaza sauti kizimwe. Kikao kilipokwisha akanigeukia: "Dada, hiyo saa inahimilije? Mikono yako haijatulia tangu asubuhi." Ni kweli. Nikitafsiri, mikono inasema pia. Nachora hewani, nahesabu kwa vidole, napiga goti kwa kiganja mzungumzaji anapochelewa kuleta kitenzi. Usiku ule nilifungua programu kwenye simu, nikaikuza ile grafu ya siku mpaka dakika zikaonekana. Palipokuwa na zamu zangu hapakuwa na buluu wala machungwa. Palikuwa na mapengo ya kijivu. Asubuhi pengo, pengo, pengo. Mchana vivyo hivyo. Saa haikuwa imepima kazi yangu hata kidogo. Ule wastani mzuri ulitokana na foleni ya chooni, chakula cha mchana na mapumziko.

Hapo ndipo niliposoma hasa ni nini kinachofanyika chini ya kile kioo. Ukiigeuza saa utaona vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu hujaa zaidi katika vijishipa vya mkono na mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua. Kati ya pigo na pigo, mwanga huongezeka. Kihisi kinahesabu wimbi hilo, basi. Mkono ukitikiswa, kifaa nacho kinacheza juu ya ngozi na wimbi linachafuka, kwa hiyo programu huvitupilia mbali vipimo hivyo kuliko kubahatisha. Hapo nawasifu waliotengeneza: kunyamaza ni bora kuliko kudanganya. Ninachowalaumu ni kwamba ukimya huo wameuandika kwa rangi iliyofifia, halafu wastani wakauandika kwa herufi nono.

Na namba ya msongo yenyewe inatoka wapi? Mimi nilidhani moyo uliotulia hupiga sawasawa kama saa ya ukutani. Kumbe moyo wenye afya na utulivu una mchezo wake. Ukipiga mara 60 kwa dakika haina maana kila pigo linafuata lililotangulia baada ya milisekunde 1,000. Litakuja moja baada ya 940, jingine 1,050, jingine 985. Ukivuta pumzi moyo unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza, kwa sababu neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, hukanyaga breki na kuachia. Mwili ukijiandaa kwa mapambano au kukimbia, breki inaachiwa na mapigo yanapangika mstari mmoja kama askari gwaride. Saa inaangalia mpangilio huo, inapiga hesabu zake, inakupa namba. Kortisoli, ile homoni ambayo kila mtu anaitaja akizungumzia msongo, saa kama yangu haiigusi kabisa. Mawazo ndiyo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye kile kiboksi. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, nayo hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kwa ngozi nyeusi kama yangu kihisi hupata mwanga mchache wa kufanyia kazi. Vile vifaa vya hospitali vinavyobanwa kidoleni kupima oksijeni hutumia mwanga mwekundu na wa infraredi, lakini navyo vina hadithi yao: utafiti uliotoka mwaka 2020 huko Marekani ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Tangu nijue hivyo, saa yangu naifunga juu kidogo ya kifundo cha mkono na kuikaza isicheze. Mikono ikiwa baridi, siiulizi kitu.

Nikaazima mkanda wa kifuani kwa rafiki anayekimbia mbio ndefu. Huu hauna taa. Unasikiliza umeme wa moyo wenyewe, kama mashine ya hospitali inayochora mistari, ila kwa nukta mbili tu. Unalowesha kwa maji ile sehemu ya mpira inayogusa ngozi, unaufunga chini ya matiti, unasahau. Sikusahau. Muda wa saa nzima ya kwanza nilikuwa kama niliyebanwa na mtu asiyetaka kuniachia.

Lakini mkanda ulisema kilichonyamaziwa na saa. Nikiwa nimekaa kwenye kiti, sijainuka, moyo wangu zamuni ulikwenda mapigo 95 hadi 110 kwa dakika. Mapigo yangu ya mapumziko ni 62. Siku moja alipanda jukwaani bwana mmoja aliyesoma hotuba iliyoandikwa, hapumui, takwimu juu ya takwimu, nikafika 124. Mtu anayetembea kwa haraka mlimani hufika hapo.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa baada ya zamu. Ukimkabidhi mwenzio kipaza sauti, desturi yetu ni kubaki na vipokea sauti na kumwandikia namba na majina magumu kwenye karatasi, maana namba ndizo zinazotoroka kwanza. Nilipofanya hivyo, mapigo yalishuka kidogo tu, yakaganda kwenye 90 mpaka zamu yangu ikarudi. Siku niliyokwenda chooni mara tu baada ya kukabidhi, yalishuka mpaka 70 ndani ya dakika nne. Nikamwonyesha mwenzangu. Akaitazama ile michoro miwili muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tunafanya zamu mbili mbili." Tulikubaliana papo hapo: dakika tano za kwanza aliyekabidhi anavua vipokea sauti, anatazama ukuta, hasaidii kitu, labda mwenzake agonge meza. Tangu siku hiyo meza imegongwa labda mara sita.

Nilijaribu pia kifaa cha aina nyingine, kinachopima umeme wa ngozi. Vitezi vya jasho viko chini ya amri ya neva zile zile zinazouandaa mwili kwa mapambano au kukimbia, na viganja na nyayo ndiko vilikojaa, ndiyo maana mtu akiogopa viganja vinalowa kabla hajasema neno. Wanasaikolojia waliutumia ujuzi huo tangu mwanzo wa karne ya 20. Carl Jung, yule daktari maarufu wa akili wa Uswisi, alikuwa akimsomea mtu orodha ya maneno huku anatazama sindano ya kipima umeme. Kifaa changu kilikuwa cha mkononi, na kibanda chetu kiyoyozi kikikatika kinakuwa tanuri. Joto, hofu, kwake ni jasho tu. Nilikirudisha baada ya siku tatu.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana ulikuwepo. Baada ya kazi nikahamia kwenye usingizi. Saa inatoa alama za usingizi kila asubuhi, nami nikawa nafungua macho na kuuliza alama kabla sijajiuliza mwenyewe nimeamkaje. Kuna asubuhi niliamka mwepesi, nimeshiba usingizi, natabasamu. Nikatazama: 54, usingizi hafifu. Sijui nikueleze vipi, lakini nilichoka. Pale pale kitandani, mabega yakashuka. Nikaanza kulala mapema ili nipate alama, nikawa nakesha nikisubiri usingizi unaoleta alama, na saa tisa usiku najikuta nageuza mkono kuona kama kukosa usingizi kwangu kumeshaandikwa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliuita ugonjwa huu othosomnia, yaani mtu kukosa usingizi kwa kuutafuta usingizi kamili wa kwenye kipimo. Nilipoisoma habari hiyo niliona aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa anazungumza peke yake njiani.

Mambo mawili yakanitoa hapo.

La kwanza, rafiki yangu wa tangu shuleni alikuja kunitembelea baada ya miaka tisa. Tulicheka usiku ule mpaka tukashika mbavu, akanisimulia kisa ambacho siwezi kukiandika hapa. Katikati ya kicheko mkono ukatetemeka: msongo wako ni 87, je, ungependa kufanya zoezi la kupumua? Tukacheka upya. Hans Selye, yule mwanasayansi aliyeichunguza hali hii maabarani kwa majaribio ya panya aliyoyatangaza mwaka 1936, alikuja baadaye kutenganisha msongo unaojenga na ule unaobomoa, kwa kuwa aliona mwili hupandisha injini kwa vyote viwili. Saa inasikia injini tu. Unakwenda harusini au mahakamani, haijui.

La pili si la kucheka. Mwishoni mwa mwaka, baada ya mikutano mitatu mfululizo, nilianguka. Si kuzirai, nililala kitandani siku tatu, simu inaita naitazama, pazia sijafungua, kula ni kwa kulazimishwa. Sikuwa na huzuni hata. Sikuwa na kitu. Na siku ya tatu jioni saa ikawaka kwa furaha: vijiti vyote buluu, nguvu za mwili asilimia 100, hongera, hii ndiyo siku yako ya utulivu kuliko zote tangu uanze. Nilikuwa sijawahi kuwa vibaya hivyo maisha yangu yote.

Nilipoinuka nilinunua daftari.

Utaratibu nilioufuata ni mwepesi mno mpaka naona haya kuuita utaratibu. Mara nne kwa siku, kabla ya kutazama saa, naandika neno moja la jinsi nilivyo na neno moja la ninachofanya. Kisha natazama, naandika namba pembeni. Kabla, si baada. Nilijaribu baada, nikakuta namba inaniandikia neno. Ikisema 70 naandika "nimebanwa", hata kama nilikuwa natazama ndege dirishani.

Wiki sita. Kisha nikakaa na kalamu nyekundu. Kwanza nikaondoa siku za mafua, ambazo zilikuwa zimejipambanua zenyewe: mapigo ya mapumziko yalipanda kutoka 62 hadi 71 siku moja kabla sijaanza hata kupiga chafya, na namba ya msongo ikawa juu mchana kutwa bila sababu niliyoiona. Nikaondoa na mchana wa kahawa ya tatu. Nikabaki na kurasa zilizo safi, nikatafuta namba kubwa nilizoandika nikiwa nimekaa kimya bila kazi.

Neno lililojirudia pembeni mwa namba hizo halikuwa "kibanda". Halikuwa "nyumbani" pia, ingawa mara nyingi nilikuwa nyumbani. Lilikuwa "nasubiri".

Nilikuwa nimeliandika mara 19 bila kufikiri. Ofisi ninayoifanyia kazi hutoa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na taarifa ya kuendelea au kuachwa huja siku moja au mbili kabla ya ule wa zamani kuisha. Wakati mwingine jioni yake. Wiki mbili za mwisho za kila robo huwa nafungua barua pepe jioni, nafunga, nafungua. Ndiyo ile machungwa ya jioni niliyomsingizia mume wangu. Nikarudi kwenye vipimo vya usiku, ule utofauti kati ya pigo na pigo: usiku wa kawaida wastani wangu ni kama milisekunde 38. Usiku wa zile wiki mbili, 24, 26, 25, 23. Siku za kazi ngumu kupita zote, siku ya yule bwana wa hotuba isiyopumua, usiku wake ulikuwa 36. Kibanda kinapandisha mapigo yangu mpaka 124 na usiku mwili unalipa deni na kulala. Kusubiri kunanipandisha mpaka 78 tu, lakini hakushuki.

Nilijaribu kupumua. Pumzi sita kwa dakika, kuvuta polepole, kutoa polepole zaidi, ni jambo linalofanya kazi kweli. Ile breki ya vegasi inashika na namba inateremka mbele ya macho yako. Dakika mbili nikatoka 74 mpaka 41. Kisha nikafungua barua pepe, hakuna kitu, na dakika kumi baadaye nikawa palepale. Bado napumua hivyo kabla ya kuwasha kipaza sauti, nakupendekezea na wewe. Ila nilikuwa nakunja mkeka chini ya paa linalovuja.

Nikawaandikia ofisi. Barua fupi, ya adabu, mwenzangu na wakalimani wengine watano wakatia saini: tunaomba taarifa ya mkataba itoke siku 30 kabla. Sikutaja daftari wala saa. Wiki tatu kimya. Kisha tukaitwa sote ukumbini, na mwanamke mchangamfu kutoka idara ya rasilimali watu akatutangazia kwamba uongozi umeguswa na hali yetu, na kwa kujali ustawi wa wafanyakazi kila mmoja atapewa bangili ya kupima msongo. Bure. Akainyanyua tuione, nyeusi, nyembamba, nzuri kweli.

Niliangaliana na mwenzangu. Nikanyoosha mkono, nikauliza takwimu zitakwenda kwa nani. Akasema uongozi utaona wastani tu, si mtu mmoja mmoja. Tuko saba, nikasema. Wastani wa watu saba ambao mmoja wao yuko likizo ni siri ya namna gani? Akasema hilo atalifuatilia. Nikauliza na bangili itafanya nini ikiona namba imepanda. Akasema itatutumia ujumbe wa kutukumbusha kupumua.

Mwaka mzima nilikuwa nimekitetea kifaa hiki mbele ya watu wanaokibeza, lakini ukumbini pale niliona kwa mara ya kwanza kinavyoweza kugeuzwa. Daftari langu lilikuwa limetoa jibu kwa sababu nililishika mimi, nikiwa najua ni siku gani nilikuwa na mafua na ni usiku gani nilicheka. Mtu aliyekaa ghorofa ya juu na namba peke yake angeona mkalimani mwenye msongo uliopanda akiwa nyumbani kwake, na angefikia uamuzi ule ule niliofikia mimi wiki ya pili: tatizo liko kwa huyu mtu na nyumba yake. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2, 2025, umepiga marufuku mifumo ya akili bandia inayobashiri hisia za wafanyakazi kutokana na ishara za miili yao, isipokuwa kwa ajili ya tiba au usalama. Si kila mahali pana sheria ya namna hiyo, na bangili huja na karatasi ya kutia saini ambayo wengi hatuisomi.

Watano walizichukua. Siwalaumu, ni kitu kizuri na ni cha bure. Mimi na mwenzangu tulikataa, na tukaipeleka tena ile barua, safari hii nikiwa nimebandika ukurasa mmoja: tarehe za mikataba ya robo nne zilizopita na siku ambazo taarifa zilifika. Hakuna hata pigo moja la moyo ndani yake.

Daktari nilimwona mwezi uliopita. Presha imeshuka kidogo, ananipima tena baada ya miezi mitatu. Aliomba aone grafu za saa; nikamsukumia daftari. Akapekua, akasimama kwenye ukurasa fulani, akaweka kidole. "Hapa ulikuwa unasubiri nini?" Nikamweleza, ikachukua nusu saa, na nje wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri.

Saa bado naivaa. Usiku zaidi, na siku nikihisi mafua yananinyemelea. Alama za usingizi nimezizima. Mkataba wa robo hii ulikuja siku 11 kabla, si 30 tulizoomba. Wa robo ijayo bado.